Karani wa Geti

Nilipewa meza, daftari, na kalamu iliyofungwa uzi,
nikaambiwa: asiye na kadi ya chanjo haingii.
Soko la Oli, Arua, saa kumi na mbili na nusu,
vumbi jekundu bado limelala,
na mimi, niliyezoea kuhesabu magunia ya muhogo,
nikaanza kuhesabu watu.

Letiru alikuja na karai la angara kichwani.
Kadi hana.
Hakupiga kelele. Alitua karai, akajifuta shingo.
"Karani, shamba langu walilichukua mashemeji.
Nyumba ilikwenda na mwanamume.
Mkono huu ndio kiwanja pekee kilichonibakia,
na hati ninayo mimi.
Anayetaka kuingia, abishe hodi."

Nyuma yangu, kibanda cha tatu, Mzee Ezama alikohoa,
kikohozi chake cha zamani, cha tumbaku,
lakini mwaka ule nani angetofautisha?
Miaka kumi na mitatu yeye na Letiru
wametenganishwa na kipande cha turubai.
Mmoja akichemsha chai, mwingine anajua kama ina tangawizi.

Nikamwelekeza kwa kidevu.
"Mkono ni wako. Na pumzi je,
ikishavuka turubai, ni ya nani?"
Hakujibu. Aliitazama turubai,
akajitwika karai, akaruka mtaro,
akatandika gunia ng'ambo ya barabara,
na huko ndiko jua lilikomkuta miezi minne.

Kijana mmoja (jina lake ninalo, silitaji)
alimfuata na kadi iliyokwisha pigwa mhuri.
Elfu thelathini tu, mama.
Akamrudishia.
"Nikiingia na hiyo, aliyeingia si mimi."

Wengine hawakurudisha.
Nilizijua kadi zile: wino bado unanuka,
mhuri umeinamia kushoto, wote
wamechanjwa Jumapili moja, na Jumapili zahanati hufungwa.
Nikatia vema.
Vema, vema, vema.
Wenye watoto, wenye madeni, mmoja binamu yangu.

Mvua za pili zilipoanza, Mzee Ezama alilazwa.
Ugonjwa ule haukuruka mtaro.
Ulipita mezani kwangu, ukanisalimu,
na daftari mpaka leo linasema sote tulikuwa salama.

Letiru alimpelekea uji,
akauacha kwa askari wa mlangoni,
maana huko nako wanataka kadi.

Niseme na hili?
Mimi nilichanjwa siku ya kwanza.
Sikumfikiria mzee yeyote.
Mwenyekiti alitaja mshahara, nikakunja shati.
Sikuulizwa, wala sikujiuliza,
kisha nikakaa getini kuwauliza wenzangu.

Ezama alirudi mwembamba kama mpini wa ufagio.
Alhamisi iliyofuata Sista Munduru,
na kisanduku chake cha barafu,
aliruka ule mtaro, akaketi kwenye gunia la Letiru.
Wa kwanza kuketi pale.
Letiru aliuliza. Kuhusu sukari yake ya damu,
kuhusu sindano waliyomchoma dada yake zamani
bila kumwambia ni ya nini.
Mara mbili nilimsikia Sista akisema, "Hilo silijui,"
na mara zote mbili Letiru akatikisa kichwa
kama mtu aliyepokea chenji kamili.

Saa nzima. Nzi wakajaa kwenye angara.
Kisha Letiru akageuka, akanipa mgongo.
Sijui kama mkono wa gauni ulipanda.
Nilikuwa na kalamu mkononi; nikatazama njia ya Ediofe.

Kesho yake, kabla ya jua, karai lilikuwa getini.
Alisimama tu. Akaningoja.
Nilinyoosha kiganja kama kawaida,
kikanionea haya, nikakirudisha.
"Hodi," nikasema.
Akafikiri.
Nyuma yangu mzee akakohoa,
kile cha zamani.